Jalada Likikosewa, Nani Anaulizwa?

Mhadhara wa wazi kwa wakazi wa Kitendaguro, Bukoba



Siku ya kesi huanza mapema. Mama ambaye kijana wake ni mahabusu kwa tuhuma ya mauaji huteremka kuelekea mjini Bukoba kabla jua halijakausha umande migombani. Kapuni ana ndizi zilizopikwa na maharage, zimefungwa kwenye jani la mgomba, ingawa hana hakika kama ataruhusiwa kumpa mwanawe. Nauli ya kurudi ameifunga kwenye pindo la kanga. Karandinga la magereza linapoingia uani, anasogea na kutafuta uso mmoja nyuma ya wavu. Akiuona, anainua mkono.

Ndani ya chumba cha mahakama, shughuli yenyewe haifiki dakika tatu. Karani anaita namba ya shauri. Wakili wa Serikali anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa. Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaangalia kalenda, anataja siku iliyo wiki mbili mbele. Kijana anarudishwa kwenye karandinga, mama anaupanda mlima.

Mama huyo anamjua askari aliyemkamata mwanawe. Anamjua mpelelezi, hata mtaa anaoishi. Anamjua hata hakimu kwa jina. Lakini yule aliyesimama na kuomba tarehe nyingine, aliyeshika jalada mkononi, mwenye uwezo wa kuamua kesi iende, isimame au ifutwe, hamjui. Na siku kesi hiyo ikiharibika kwa uzembe au kwa hila ya mwenye jalada, ni nadra jina lake kuulizwa na yeyote.

Mhadhara huu unamhusu mtu huyo. Unahusu mwendesha mashtaka wa Jamhuri, mamlaka aliyopewa, na nani anapaswa kumuuliza anapoyatumia vibaya.

Mamlaka na mipaka yake

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 59B, inamtambua Mkurugenzi wa Mashtaka na kumpa uwezo mkubwa: kufungua mashtaka, kuyaendesha, kuyasimamia na kuyafuta. Ibara hiyohiyo inasema atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote. Kisha inamfunga kwa mambo matatu ambayo lazima ayazingatie: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Uhuru na wajibu vimeandikwa pamoja. Mwenye kuutaja uhuru na kuuacha wajibu ameisoma ibara hiyo nusu.

Kwa miaka mingi, kesi katika mahakama za chini ziliendeshwa na askari polisi. Mkaguzi aliyekuwa kituo kimoja na mpelelezi ndiye aliyesimama mahakamani kuitetea kazi ya mwenzake. Sheria ya Huduma za Mashtaka ya Taifa ya mwaka 2008 iliweka msingi wa kuutenganisha upelelezi na uendeshaji wa mashtaka, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake, nje ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa mwananchi. Tangu hapo, kati ya polisi na kizimba pamekuwa na mlango wa kati, na mwenye kuulinda ni mwanasheria. Jalada likitoka polisi, yeye ndiye wa kulisoma na kuuliza: ushahidi huu unatosha? Shahidi huyu alikuwepo kweli? Maelezo haya ya onyo yalichukuliwa kwa hiari au kwa kipigo?

Mlinzi wa mlango huo akilala, kinachopita ni kile ambacho Watanzania wote wanakijua kwa jina moja: kesi ya kubambikiwa. Machi 2019, Ikulu ilitoa taarifa kuhusu mfanyabiashara wa Tabora aliyekuwa gerezani kwa kesi ya mauaji. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika gazetini akilalamika kwamba amebambikiwa. Rais John Magufuli aliagiza uchunguzi ufanyike, ikabainika kesi ilikuwa ya kubambikiwa, na mashtaka yakafutwa. Mtu huyo aliokolewa na barua ya msomaji gazetini. Ni busara kujiuliza wako wangapi wasiojua kuandika barua, au walioandika na barua zao hazikuchapishwa. Ni busara pia kujiuliza kuhusu mlango wa kati: jalada lile la Tabora lilifika mahakamani kama kesi ya mauaji, na mahakamani halifiki lenyewe.

Ushahidi uliobaki kabatini

Aina ya kwanza ya utovu wa mwendesha mashtaka ndiyo ngumu kuliko zote kuigundua, kwa sababu hufanyika kwa kunyamaza. Upande wa mashtaka una maelezo ya mashahidi, una ripoti, una picha. Mshtakiwa hana polisi wa kumtafutia chochote. Kama ndani ya jalada kuna karatasi inayomsaidia, anayejua ilipo ni mwendesha mashtaka peke yake.

Katika kesi zinazosikilizwa na Mahakama Kuu, mshtakiwa husomewa na kupewa maelezo ya mashahidi kabla shauri halijahamishwa kutoka mahakama ya chini. Lakini katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, ambako Watanzania walio wengi huhukumiwa, sheria imekuwa ikimpa mshtakiwa haki ya kupata maelezo ya mlalamikaji. Mashahidi wengine anaweza kuwasikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari kizimbani, na hapohapo anatakiwa awahoji.

Jambo hili lilifika Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kupitia kesi ambayo kila shabiki wa dansi anaikumbuka. Mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 pamoja na wanawe watatu kwa makosa ya kubaka watoto. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wanawe wawili. Yeye na mwanawe Johnson wakabaki gerezani hadi msamaha wa Rais wa Desemba 2017. Machi 2018, Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu: haki yao ya kujitetea ilikuwa imekiukwa kwa kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi na kwa kutoitwa mashahidi muhimu. Mahakama hiyo haikusema kwamba watoto wale walisema uongo, wala haikusema washtakiwa ni malaika. Funzo la hukumu hiyo lina faida kwa kila upande: kesi nzito namna hiyo inastahili kusikilizwa kwa namna ambayo hukumu yake haitatiliwa shaka na yeyote, wa upande wa watoto wala wa upande wa wafungwa.

Kesi nyingine ya Arusha inagusa mwendesha mashtaka mwenyewe. Juni 2016, katika shauri la Mohamed Abubakari dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ilimkuta mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hana wakili, nyaraka hakupewa kwa wakati, na hatia yake imeegemea maneno ya shahidi mmoja yasiyolingana. Abubakari alikuwa amelalamika pia kwamba mwendesha mashtaka katika mahakama ya wilaya alikuwa na mgongano wa maslahi na mhanga wa unyang'anyi. Mahakama ya Afrika ilisema hoja hiyo ilipaswa kuangaliwa na hakimu, na kutoangaliwa kwake ni uvunjaji wa haki. Mtu analalamika kwamba anayemshtaki ana lake jambo, na mahakama inapita juu ya lalamiko hilo bila kuligusa!

Mwananchi wa Bukoba akiuliza leo kama na yeye anaweza kwenda Arusha moja kwa moja, jibu ni hapana. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na mashirika kufungua mashauri pale, na hatua hiyo ikaanza kufanya kazi Novemba 2020. Jengo liko Arusha, lakini kwa kesi mpya za wananchi mlango umefungwa. Ndiyo maana swali la uwajibikaji sasa lazima lijibiwe hapa nyumbani.

Wenzetu wameshalijibu kwa sehemu. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Thomas Cholmondeley, kwamba upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa ushahidi wote ulio nao, hata ule usiokusudia kuutumia. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya waendesha mashtaka, uliopitishwa Havana mwaka 1990, unawataka pia wakatae ushahidi uliopatikana kwa njia haramu.

Huko Texas, Marekani, kuna mfano unaopaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Michael Morton alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1987 kwa kumuua mkewe. Katika jalada la upelelezi kulikuwa na mazungumzo ya bibi wa mtoto wao mdogo: mtoto, aliyekuwa na miaka 3, alimweleza kwamba aliyemuua mama yake alikuwa mtu mwingine, na baba hakuwepo nyumbani. Karatasi hiyo haikufika kwa mawakili wa utetezi. Morton alikaa gerezani karibu miaka 25, hadi kipimo cha vinasaba kilipomsafisha mwaka 2011. Aliyekuwa mwendesha mashtaka, Ken Anderson, wakati huo alikuwa jaji. Mwaka 2013 alijiuzulu ujaji, akapoteza leseni yake ya uwakili, na akahukumiwa siku 10 jela kwa kuidharau mahakama. Siku 10 kwa miaka 25 ni malipo madogo mno. Hata hivyo jina lake lilisomwa mbele ya hakimu, na mwaka huohuo bunge la Texas likapitisha sheria yenye jina la Morton, inayowalazimisha waendesha mashtaka kufungua majalada yao kwa utetezi.

Kesi inayofutwa bila neno

Aina ya pili huonekana waziwazi. Wakati wowote kabla ya hukumu, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na mashtaka. Mahakama hailazimiki kuuliza kwa nini, na yeye halazimiki kusema. Mshtakiwa anaachiwa, lakini kuachiwa huko si sawa na kushinda kesi.

Masheikh wa jumuiya ya Uamsho, wakiwemo Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem, walitolewa Zanzibar wakashtakiwa Bara kwa makosa ya ugaidi. Miaka ilipita, tarehe zikaahirishwa, wake zao wakavuka bahari kwenda na kurudi. Juni 2021 mashtaka yakafutwa, wakatoka. Hapakuwa na hukumu ya kuwatia hatiani wala ya kuwasafisha. Kama walikuwa magaidi, taifa lilistahili kuuona ushahidi. Kama hawakuwa, wao walistahili kuambiwa hivyo na mahakama. Mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi, kesi ikasikilizwa miezi kadhaa, na Machi 2022 ikafutwa kwa njia hiyohiyo.

Kufuta kesi dhaifu ni jambo jema, na mwendesha mashtaka anayefanya hivyo mapema anastahili sifa. Kinachouma ni muda na ukimya. Kinachouma zaidi ni ule mtindo uliozoeleka wa mtu kuachiwa ndani ya mahakama na kukamatwa tena uani kabla hajafika getini, kwa mambo yaleyale, na siku za mahabusu zikaanza kuhesabiwa upya. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ili aliyeachiwa kwa njia hiyo asishtakiwe tena kwa mambo yaleyale mpaka pawe na ushahidi wa kutosha na kesi iwe tayari kusikilizwa. Marekebisho hayo pia yalizuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua ya kupongezwa. Kijana wa yule mama, kwa kuwa tuhuma yake ni mauaji, amebaki nje ya kinga hiyo.

Kenya ilikwenda mbele hatua moja zaidi. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 157, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kufuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Lazima asimame, aeleze, na hakimu apime. Kenya haikukosa waendesha mashtaka kwa sababu hiyo, wala kesi hazikukwama. Sentensi moja tu ya Katiba iliondoa ukimya.

Dhamana, makubaliano na hofu ya gereza

Kwa miaka mingi Mkurugenzi wa Mashtaka aliweza kuandika hati kwamba kumpa fulani dhamana kutahatarisha usalama au maslahi ya Jamhuri, na mahakama ikafungwa mikono. Wakili Jeremia Mtobesya aliipinga nguvu hiyo mahakamani, akashinda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: haiwezekani mtu akae ndani kwa karatasi ambayo hakupewa nafasi ya kuijibu.

Lakini yapo makosa ambayo sheria yenyewe inayanyima dhamana, na utakatishaji fedha ni mojawapo. Anayechagua shtaka la kuandika kwenye hati ndiye, kwa vitendo, anayeamua nani alale nyumbani. Julai 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Dar es Salaam. Mwanzoni ilielezwa kwamba uraia wake unachunguzwa, jambo ambalo familia nyingi za mpakani Kagera zinaijua ladha yake. Alipofikishwa mahakamani Agosti, uraia haukuwemo. Mashtaka yalikuwa kujihusisha na genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Kesi iliahirishwa tena na tena. Mama yake alifariki mwishoni mwa Desemba, na ombi la kwenda kumuaga likakataliwa. Februari 2020, baada ya karibu miezi 7 katika gereza la Segerea, alifikia makubaliano na upande wa mashtaka, shtaka la genge likaondolewa, akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270, akatoka.

Makubaliano ya aina hiyo yaliingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, Mkurugenzi wa Mashtaka alimweleza Rais kwamba washtakiwa 467 wa uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Kanuni za namna ya kuendesha majadiliano hayo zilitangazwa mwaka 2021. Fedha zilitangulia, utaratibu ukafuata. Januari 2023, akizindua tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alihoji hadharani ziliko baadhi ya fedha za makubaliano hayo. Tume ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huo.

Makubaliano si dhambi. Huokoa muda na humrudishia mlalamikaji mali yake. Lakini mtu aliye gerezani bila dhamana, upelelezi hauishi na mama yake amelazwa, hafiki mezani akiwa huru. Anayekaa upande wa pili wa meza ndiye aliyechagua shtaka lililomnyima dhamana. Mtu mwenye nguvu kiasi hicho anahitaji kuangaliwa kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo la mahakama.

Mhanga naye hulia

Wapo watakaosema mhadhara huu unawatetea wahalifu. Wapewe jibu kutoka Muleba. Mei 2024, wilayani humo, mtoto mwenye ualbino asiyetimiza hata miaka 3 alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana Juni ukiwa umekatwa viungo. Watu 9 walifikishwa mahakamani Bukoba. Kwa mtoto yule, hakuna jambo baya zaidi kuliko kesi iliyoandaliwa ovyo: hati ya mashtaka yenye kasoro, kielelezo ambacho safari yake kutoka mkono hadi mkono haikuandikwa, shahidi muhimu ambaye hakuitwa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi, tangu kesi ya Aziz Abdallah ya 1991, kwamba upande wa mashtaka ukimwacha shahidi muhimu bila sababu, mahakama inaweza kuamini kwamba angesema kinyume. Kasoro hizo huwafungulia hata wenye hatia.

Taifa lililiona hilo katika kesi ya wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliouawa Dar es Salaam Januari 2006. Washtakiwa walikuwa polisi, akiwemo Abdallah Zombe. Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia wote, akisema wauaji halisi watafutwe. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 2013 rufaa hiyo ikatupwa kwa sababu notisi yake ilikuwa na kasoro, kosa la karatasi lililotoka katika ofisi ya wanasheria wa Serikali. Ikabidi kuanza upya, na ilipofika 2016 ndipo Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Miaka 10 familia za Mahenge zilisubiri.

Wala haiwezi kusemwa kwamba haraka haiwezekani. Mwanafunzi wa shule ya msingi Kibeta, hapahapa Bukoba, alifariki Agosti 2018 baada ya kuchapwa na mwalimu, na Mahakama Kuu Bukoba ikatoa hukumu Machi 2019. Jalada likishikwa na mtu anayelijali, miezi 7 inatosha.

Nani amuulize?

Leo, kosa la mwendesha mashtaka hutibiwa kwenye kesi, halitibiwi kwa mtu. Mahakama ya rufaa ikikuta kasoro, humwachia mfungwa au huamuru kesi isikilizwe upya, kwa sharti lililowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Fatehali Manji mwaka 1966: kesi haisikilizwi upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mashimo ya ushahidi wake. Kanuni nzuri. Lakini mfungwa aliyetoka baada ya miaka 12 huondoka mikono mitupu, mhanga hubaki na kaburi, na aliyeandaa hati ile mbovu huenda keshapandishwa cheo katika mkoa mwingine bila kuambiwa kwamba kazi yake ilianguka.

Njia nyingine zipo, ila ni nyembamba. Aliyeonewa anaweza kufungua madai ya kushtakiwa kwa hila. Akifanya hivyo lazima athibitishe kwamba alishtakiwa na mdaiwa, kesi iliisha kwa faida yake, hapakuwa na sababu ya msingi, palikuwa na nia mbaya, na alipata hasara. Kuithibitisha nia mbaya iliyo moyoni mwa mtu, kwa nyaraka zilizo kabatini mwake, ni kazi ya wenye fedha na subira. Rushwa ikihusika, TAKUKURU ipo. Nidhamu ya kazi husimamiwa ndani ya utumishi wa umma, na mwananchi aliyelalamika anaweza asijue kamwe ilikoishia.

Wanaotetea kinga kwa waendesha mashtaka wana hoja ya kusikilizwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1976, katika kesi ya Imbler, kwamba mwendesha mashtaka anayeogopa kudaiwa fidia ataogopa kuwashtaki wenye nguvu. Hofu hiyo ni ya kweli hata Tanzania, ambako mwenye pesa anaweza kumsumbua wakili kijana wa Serikali kwa madai kila wiki. Lakini kinga isiyo na mpaka ilizaa kesi ya John Thompson wa New Orleans, aliyekaa miaka 14 akisubiri adhabu ya kifo huku ripoti ya maabara inayomsaidia imefichwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 14. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaifuta yote.

Kwa hiyo tofauti iwekwe kati ya kosa na utovu. Kukosea tarehe kwenye hati ni kosa, dawa yake ni mafunzo. Kuficha maelezo ya shahidi, kuendelea na kesi unayojua ni ya kubambikiwa, kuandika utakatishaji fedha ili mtu asipate dhamana, huo ni utovu, na dawa yake ni kuondolewa kazini na kujibu mbele ya chombo kisichokuwa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, chenye majaji wastaafu na mawakili wa kujitegemea ndani yake, kinachotoa majibu yake hadharani. Kesi ifutwe kwa sababu iliyosemwa mbele ya mahakama, kama Kenya. Maelezo yote ya mashahidi yatolewe kabla ya usikilizwaji katika kila mahakama. Na kila hukumu ya rufaa inayotaja uzembe wa upande wa mashtaka itumwe ofisini kwao, ijibiwe kwa maandishi.

Mambo haya hayahitaji kuanzia Dodoma. Mwaka 1990 shauri la ardhi ya ukoo lililotoka Muleba, Ephrahim dhidi ya Pastory, lilimfikia Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, naye akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Uamuzi huo unasomwa katika vyuo vya sheria duniani. Ulianza kwa mama mmoja wa Kagera na shamba lake.

Yule mama mwingine, anayepanda mlima akirudi na kapu lake, ana kitu mkononi ambacho hajajua thamani yake: namba ya kesi. Kila siku shauri linapotajwa, hakimu huandika juu ya ukurasa waliokuwepo: hakimu fulani, karani fulani, mshtakiwa yupo, na kwa upande wa Jamhuri, jina la wakili aliyesimama. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mwenendo wa shauri unaweza kuombwa nakala. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, pamoja na majina ya waliosimama kila upande. Vijana wa Kitendaguro wenye simu wanaweza kuanza wiki hii: daftari moja, kesi za Bukoba na Muleba zilizovunjika kwenye rufaa, mwaka, sababu iliyotajwa na majaji, na jina lililoandikwa upande wa Jamhuri siku kesi ilipoharibika. Daftari hilo likijaa, lipelekwe kwenye Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mkoani, kwa mkono, likiwa na barua moja inayouliza kila jina lilichukuliwa hatua gani.